Kiti Kimepanda Inchi Moja na Nusu

Mwanzoni alidhani ni uzee. Jumamosi asubuhi fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Mlingoti, alipanda baiskeli yake ya mbio, na vidole vya mguu vikaifikia pedali kwa taabu, kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda. Yeye! Maisha yake yote shida ilikuwa kinyume. Kila baiskeli ilikuwa fupi. Kwenye kona magoti yaligonga usukani, mlimani mgongo ulilia, na upepo ukivuma wenzake wa kikundi walijipanga nyuma yake kimya, ukuta wa bure wameupata. Hata hii, kubwa kuliko zote dukani, ilibidi itafutiwe bomba refu la kiti.

Leo kiti kimemzidi.

Alishuka, akatoa futi yake ya kushonea mfukoni. Jumapili iliyopita aliliacha bomba limechomoza inchi kumi na mbili. Sasa, kumi na tatu na nusu.

Baiskeli hukaa korido ya nyuma, na yeye Jumatatu hadi Ijumaa yuko dukani kutwa. Kwa hiyo kuna mtu anaingia kwake asipokuwapo. Mtu mwenye miguu mirefu kuliko yake, tena aliyejisikia nyumbani mpaka akapanda baiskeli ya mwenye nyumba! Siku hiyo kundi lilimwacha kwenye mlima wa kwanza. Mwili ulikuwa barabarani, akili imebaki koridoni.

"Kuna mgeni alikuja wiki hii?" alimuuliza mkewe aliporudi.

"Mgeni gani?"

"Mgeni tu."

"Hamna." Jibu likatoka haraka, haraka mno. Kwenye kochi, kitinda mimba wao, binti aliyemaliza shule na anasubiri matokeo, alikuwa amejikunja kama alama ya kuuliza, anaitazama simu iliyozima.

Jumatatu Mlingoti alifungua daftari la vipimo. Humo mna miguu ya wanaume wote wa mtaa, kuanzia gotini kwa mchungaji hadi unyayo wa mwuza nyama. Mguu wake mwenyewe: thelathini na nane. Akashusha kidole ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu, thelathini na tatu. Dereva, thelathini na mbili. Kidole kikasimama. Msoma mita za maji: thelathini na tisa na nusu.

Inchi moja na nusu. Kamili! Na kazi ya mtu huyo ni nini? Kuingia majumbani mwa watu mchana, hata mbwa wamemzoea.

Akajifanya anatafuta uzi, akapita kwa jirani yake, Mama Vifungo, redio ya mtaa isiyohitaji betri.

"Hivi msoma mita siku hizi anapita kwetu lini?"

"Alhamisi. Kwani maji yako yana nini?"

"Maji hayana neno."

"Mh! Mimi sisemi kitu, shemeji. Ila juzi mkeo kacheka naye pale getini, kacheka, mpaka mimi huku nikatabasamu bila kujua sababu."

Jioni hiyo alishona suruali ya mwalimu, zipu akaiweka nyuma.

Alhamisi saa nne asubuhi akafunga duka, akaenda kujibanza nyuma ya tangi la jirani. Kujificha nako kuna adhabu yake kwa mtu mrefu: tangi lilimfika kifuani, ikabidi apige magoti chini, nayo yakalia kama kuni mbichi. Msoma mita akaja. Akainama getini, akaandika. Mke akasema neno dirishani, jamaa akacheka, akaenda zake. Dakika mbili. Kizingiti hakukikanyaga.

Mlingoti alikuwa anaanza kuona haya geti lilipofunguka tena. Likatoka gurudumu la baiskeli yake. Akachungulia. Nyuma ya gurudumu akatoka mtu shingo juu, mgongo rula, mrefu kuliko yeye, na kwa muda hakumtambua. Hakuwahi kumwona binti yake amesimama sawa.

Binti akapanda, akaondoka. Kwenye kona alifungua magoti nje kidogo, yakaupita usukani bila kuugusa. Miaka kumi na mitano Mlingoti hakuwahi kulifikiria hilo.

Aliporudi alimkuta baba getini. Palepale akajikunja.

"Shikamoo, baba. Wiki iliyopita tu nilisahau, kiti huwa nakirudisha."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa macho."

"Binti wa fundi! Kwa macho!" Kisha, kwa sauti ndogo: "Mbona hukuniambia?"

"Si wewe ndiye mrefu wa nyumba? Kila wakija wageni unasema, mrefu humu ni mmoja na anatosha."

Kweli alisema. Kila Jumapili alisema, na watu walicheka.

Mke akatoka mlangoni. "Na wewe, vumbi la magotini umelitoa wapi?"

"Napita tu."

"Kumbe kile kichwa nyuma ya tangi la jirani kilikuwa chako?" Akalitazama tangi, akaitazama mita, akamtazama mumewe. "Heee! Msoma mita!"

"Sijasema kitu."

"Mrefu mmoja tu kitandani ananibana ukutani. Wa pili ningemlaza wapi, baba watoto?"

Binti akaangua kicheko, na katika kucheka mgongo ukanyooka wenyewe. Mlingoti hakucheka. Alipiga goti, akamwambia akanyage ncha ya futi. Thelathini na tisa na nusu. Akapima tena, asiamini.

"Jumamosi unakwenda na kikundi," alisema akiikunja futi. "Na hii baiskeli."

"Na wewe?"

"Nitaazima."

"Hakuna itakayokutosha, baba."

"Najua," alisema, akaingia ndani kuchukua spana ya kiti.