Mjukuu wa Unga

Kila asubuhi Mama Fundi aliamka kabla ya vidole vyake. Yeye macho kodo, vidole bado vimelala, vimekakamaa kama nguo iliyotiwa wanga ikasahaulika juani. Akiviambia vishike shuka, vinagoma. Basi hubaki palepale kitandani akivibembeleza, "Haya, waheshimiwa, mkiwa tayari mtanijulisha." Kisha hufumba na kufumbua viganja, taratibu, huku akiwaita majina ambayo hayafai kuandikwa, mpaka waheshimiwa wakubali kushika kikombe cha chai, tena kwa mikono miwili. Jua likishapanda anakuwa mtu kamili. Jirani aliyemkuta mchana kwenye cherehani, anakata kitambaa na kupiga soga, hakuamini kwamba asubuhi mtu huyuhuyu alishindwa na kifungo cha gauni lake mwenyewe.

Ilikuwa baridi yabisi. Daktari alimweleza kwamba askari wa mwili wake wamechanganyikiwa, wanavishambulia viungo vyake wakidhani ni adui.

"Sasa askari hao aliwaajiri nani?" aliuliza, na daktari akacheka mpaka akavua miwani. Alipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki ili kuwatuliza, naye alivimeza bila kukosa. Vilisaidia. Maumivu hayakuhama, ila yalipunguza makelele.

Mumewe, ambaye watu walimwita Dereva ingawa lori aliachana nalo zamani, alimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye tabu. Tangu ugonjwa uingie nyumbani alimnyang'anya birika, akamnyang'anya ufagio, akamnyang'anya hata kisu cha vitunguu. "Wewe kaa, mama," ndiyo yalikuwa maneno yake asubuhi na jioni. Angeachiwa, angemtafunia chakula.

Ndipo binti yao wa pekee alipojifungua mtoto wa kiume. Mume wa binti alikuwa na safari ya kikazi, kwa hiyo binti na kichanga wangekuja kukaa kwa wazee. Dereva aliweka simu sauti kubwa ili wote wasikie.

"Njoo bila wasiwasi, mwanangu. Mtoto nitambeba mimi, nitamwogesha mimi. Mama yako atamtazama tu. Mikono yake si unaijua?"

Mama Fundi alingoja binti yake apinge. Binti hakupinga. Aliuliza habari za majirani.

Swali lile lilimuuma kuliko vidole vyote kumi. Alikuwa amewashonea nguo watoto wa mtaa mzima, amewapima wakiwa wanapiga mateke na kulia, leo wake mwenyewe aambiwe amtazame kama picha ya ukutani! Alilia kidogo, akapenga kamasi, akakata shauri.

Kesho yake, Dereva alipotoka, Mama Fundi alichukua pakiti za unga, akazifunga pamoja mpaka zikawa na uzito wa kichanga. Akazivisha fulana ndogo aliyoishona mwenyewe, akazizungushia shuka, akabeba. Vidole vikamsaliti papo hapo. Mjukuu akaanguka, akapasuka, sebule ikawa nyeupe pe.

"Pole, baba," alimwambia, akamzoa.

Hakukata tamaa. Siku baada ya siku aligundua kwamba kubeba si lazima kuanzie kwenye vidole. Alijifunza kukaa kwanza, kuweka mto chini ya kiwiko, kuuacha uzito ulale kwenye mkono wote, na kifua nacho kibebe sehemu yake. Mwisho akawa anaweza hata kuimba.

Ndivyo Dereva alivyomkuta siku aliyowahi kurudi kutoka kwa kinyozi. Alisikia wimbo, akachungulia mlangoni. Mkewe alikuwa anapigapiga mgongo wa pakiti za unga. "Cheua, baba. Hujacheua bado wewe."

Macho yalimtoka pima. Alirudi kinyumenyume hadi uani, akatoa mfukoni karatasi ya maelezo ya vidonge, akaisoma yote. Kati ya madhara, kichefuchefu kilikuwepo. Kubembeleza unga hakukuwepo. Akampigia binti yake, akinong'ona.

"Mama yako anabembeleza unga."

"Anabembeleza nini?"

"Unga. Wa ngano. Ameuvisha fulana."

"Anaula?"

"Anaucheulisha."

Binti hakungoja siku waliyopanga. Alifika na kichanga wake kesho yake, akaketi mbali kidogo na mama yake, akaanza kusema polepole kama anayemwita paka juu ya paa.

"Ma-ma. Leo ni si-ku ga-ni?"

"Ni siku ya wewe kuacha upuuzi. Mmekula njama gani wewe na baba yako?"

Dereva alijikohoza, akanyoosha kidole kwenye kiti cha pembeni, ambako unga ulikuwa umelazwa na kufunikwa vizuri hadi shingoni. Mama Fundi aliangalia kiti, akawaangalia wao, akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu.

"Nilikuwa najifunza kubeba! Nyinyi mmenikatalia mtoto, nikatafuta asiyenikataa."

Dereva alicheka kwa aibu, akaomba radhi. "Mimi niliihofia mikono yako tu, mama." Lakini binti hakucheka.

"Mimi sikuihofia," alisema. "Unaikumbuka ile sufuria ya uji? Uliitoa jikoni unatabasamu, kumbe kiganja kimeshakataa. Hukusema neno. Ikaanguka karibu na miguu yangu, ukasema imeteleza. Siiogopi mikono yako, mama. Naogopa mdomo wako. Haujawahi kusema unaumia."

Ilikuwa kweli tupu. Maisha yake yote alijikaza kisabuni. Wateja wakimuuliza hali, jibu lilikuwa moja, "Nipo, nadunda," hata siku ambazo kudunda kwenyewe kulikuwa kulala.

"Na nikisema?"

"Ukisema, nampokea mtoto, hata kama ni kila dakika. Usiposema, humshiki tena."

Mama Fundi aliketi vizuri, akaweka mto, akanyoosha mkono. Binti akamlaza mtoto. Loo, hakufanana na unga hata kidogo! Alikuwa wa moto, anajinyonganyonga, anapiga teke, na alimfumbulia bibi yake jicho moja kama ofisa anayekagua kitambulisho. Dereva alisimama mbele yao mikono wazi kama golikipa.

"Toka hapo, unatuzibia mwanga," mkewe alimwambia, akaanza kuimba.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala, mdomo wazi, pale kifundo cha mkono wa bibi kilipoanza kuchoma. Kwanza kidogo, kisha moto kabisa. Hakuna aliyejua. Angeweza kuendelea, maana kuendelea alikujua sana, na tabasamu lilikuwa tayari limeshapanda usoni. Akainua macho. Binti yake hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anautazama mdomo wa mama yake.

"Pokea," alisema Mama Fundi. "Inauma. Inauma sana."

Binti alimchukua mwanawe bila papara. Mama Fundi alikaa akiusugua mkono, machozi yakimlengalenga, akingoja mumewe aseme si niliwaambia. Dereva alikuwa anapenga kamasi.

Walikaa hivyo, wakizungumza mambo mengine. Halafu binti akausogeza ule mto.

"Umepumzika?"

"Kidogo."

"Haya, mshike. Baba, kaa hapa karibu. Mama akisema pokea, unapokea, huulizi. Mimi naenda kuoga, na nitakawia."

Mlango wa bafu ukafungwa, maji yakaanza kumwagika, na binti, ambaye tangu ajifungue hakuwahi kuoga bila kumtegea mtoto sikio, akaanza kuimba kwa sauti kubwa.