Mikono ya Kushika Bunduki

Kwandu alipomaliza kidato cha sita na kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka mzima kwa posho ya serikali, baba yake, Malongo, alimkataza kugusa jembe. Mikono ya kushika bunduki, alisema, haichubuliwi na mpini. Kila asubuhi, kijiji kizima cha Nyabusozi kikienda shamba la ujamaa, Malongo alibaki uani akimkimbiza binti yake na kumfundisha kusimama wima, mchi begani. Mwenyekiti wa kijiji alipolalamika, aliambiwa aache wivu.

Miezi ikapita, Malongo akaenda kambini kumwona, amebeba michembe, viazi vikavu anavyovipenda binti. Alimkuta katikati ya shamba la mahindi lisilo na mwisho, viganja vimefungwa vitambaa.

“Shikamoo, baba,” Kwandu alisema bila kumtazama.

“Mzee,” afande aliuliza, “huko kwenu hamlimi?”

Malongo, ambaye kijijini hakuna aliyewahi kumshinda kulima, aliweka michembe chini. Afande akamkabidhi jembe amwonyeshe binti. Basi akalima, tuta baada ya tuta, bila posho, na Kwandu akasimama kando, wima kabisa, kama alivyofundishwa.