U ya Kalamu ya Kijani

Mwenyekiti wa kamati ya kiufundi ya wahandisi na mafundi wa parachuti alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini ndani ya kamati hakuna aliyelitumia. Walimwita Bi Mkazo. Jina lilianzia kwenye hesabu zake za mkazo wa kamba, likahamia kwake mwenyewe, likakaa, naye hakulikataa.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, watu saba waliacha usingizi, nguo za kufua na wajukuu, wakaja kujadili mambo ambayo hakuna aliyewalipa kuyajadili: mshono gani unafaa, kitambaa kitumike miaka mingapi kabla ya kustaafishwa, nani aruhusiwe kukunja parachuti ya akiba. Walikutana katika chumba walichoazimwa na shule ya udereva, kwa hiyo Bi Mkazo aliendesha vikao akiwa ameketi chini ya alama kubwa nyekundu iliyoandikwa SIMAMA. Zamani mlangoni palikuwa na karatasi ya KAMATI YA MIAVULI. Waliibandua baada ya mama mmoja kuingia na mwavuli wa mvua uliovunjika vijiti, akauliza fundi ni nani. Bi Mkazo hakumfukuza. Aliutengeneza hapo hapo, kikao kizima kikimsubiri, na suala hilo likaingia kwenye kumbukumbu chini ya mengineyo.

Alikuwa na jambo moja asilolegeza, nalo ni daftari. Lilikaa kwenye kabati la chuma lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo alitembea nao yeye, shingoni. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa mkono wake: Ukikosea, andika. Jina, tarehe, kilichotokea. Fundi Mshono, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, aliwahi kuandika humo huku akilia kwamba alishona mkanda kwa uzi usio wake. Hata mkwe wa Bi Mkazo, mhandisi kijana aliyemuoa binti yake wa pili, aliwahi kuandika kwamba alichanganya inchi na sentimita. Aliandika hayo mwezi ule ule alioleta posa. Bi Mkazo alimsimamia mpaka akaweka nukta, kisha akamkubalia binti.

Jumamosi hii mezani palikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala ya mwisho ya mwongozo wa kukunja parachuti, toleo jipya, na mpiga chapa aliitaka kabla ya saa sita mchana. Toleo la kwanza aliliandika Bi Mkazo mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, kwenye meza ya jikoni kwake. Liligawiwa kwa wakunjaji wachache waliofundishwa ana kwa ana, mikono yao ikijua kazi kuliko macho. Hili jipya lilikuwa linakwenda kwa wakunjaji wageni mia mbili, karakana za mbali, watu ambao hawangekuwa na fundi mzoefu begani. Kitabu ndicho kingekuwa fundi wao. Kwa sababu hiyo Bi Mkazo alikuwa amekisoma mara nne wiki hiyo, na mara zote nne hakuona kitu.

"Basi kilichobaki ni kukifikisha," alisema.

"Nitakipeleka mimi," alidakia Katibu, mkunjaji mstaafu mwenye ndevu nyeupe, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Kaka, na hilo goti lako? Mimi napita njia hiyo hiyo."

"Goti limepona, dada."

"Limepona saa ngapi? Umepanda ngazi umelishika kwa mikono miwili."

"Basi nipe mimi, dada mkubwa," Fundi Mshono akaingilia. "Nina safari ya upande ule."

"Upande upi?"

Fundi Mshono akatafuta pa kuonyesha, akaishia kunyoosha kidole ukutani, kwenye alama ya kona kali kushoto. Kabla hajaulizwa zaidi, mkwe akainuka. "Mama, nitakipeleka mimi. Nina gari."

Bi Mkazo alivua miwani akawatazama mmoja mmoja. Hawa ndio watu ambao kuosha vikombe vya chai baada ya kikao kuliwalazimu kupiga kura. Leo wanagombea bahasha.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," wakajibu wote kwa pamoja, na hapo wakawa wamejikaanga kwa mafuta yao wenyewe.

"Vizuri sana. Kama hakuna kitu, hatuna haraka. Kila mtu atoe mwongozo wake wa zamani, tulinganishe na huu mpya ukurasa kwa ukurasa."

Nakala yake yeye ilikuwa nyumbani kabatini, bado ina nailoni yake, kwa sababu aliijua kwa moyo na hakuwa na haja ya kuifungua. Kwa hiyo alinyoosha mkono kuchukua ya mkwe wake, aliyeketi kulia kwake. Mkwe akaikandamiza kwa kiganja.

"Mama, hiki changu kimechafuka."

"Nimelea watoto wanne. Uchafu gani nisioujua?"

Mtu hawezi kuvutana kitabu na mama mkwe wake. Kiganja kikaondoka.

Walisoma vizuri mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Hatua ya tisa ilihusu kamba nyekundu ya muda, ile inayoshikilia mfuko wa parachuti wakati wa kukunja, ambayo lazima itolewe kazi ikiisha. Ikibaki imefungwa, mfuko hautafunguka, na aliye angani hana wa kumuuliza. Kwenye kitabu cha mkwe palichapwa hivi: Pini ya mwisho ikishaingia, funga kamba nyekundu ya muda. Na kati ya g na a, mtu alikuwa amechomeka u ndogo kwa kalamu ya kijani. Fungua.

Bi Mkazo aliitazama ile u. Akageukia nakala mpya iliyotoka kwenye bahasha. Funga. Akaomba kitabu cha Fundi Mshono, akaomba cha Katibu, akaomba na vya wale wengine watatu waliokuwa wameinamisha vichwa. Vitabu sita, u sita za kijani, zote zimelalia kushoto. Mwandiko huo ndio aliokuwa akiusoma kwenye kumbukumbu za vikao miaka yote hiyo.

"Tangu lini, kaka?"

Katibu alikohoa. "Tangu wiki ile ya kwanza, dada. Kitabu kilipotoka tu."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umetoka kumzika shemeji. Kitabu chenyewe ulikiandika usiku ukikosa usingizi, tulijua sote. Nikaona nisikuongezee. Nikachukua kalamu, nikapita karakana zote, kitabu kwa kitabu. Nikasema nitakwambia mwezi ujao. Sasa mwezi ujao nao ukawa na mwezi ujao wake." Akaichomoa kalamu mfukoni akaiweka mezani, kana kwamba ndiyo yenye kesi. "Leo tulitaka kuichomeka u pale pale kwa mpiga chapa, mlangoni, tusikuaibishe."

Bi Mkazo aliona aibu kwanza, ikampanda mpaka masikioni. Kisha akamwona mzee huyu na goti lake, akipanda basi hili na kushuka lile, akibisha hodi karakana kwa karakana ili kuandika herufi moja, na moyo ukamjaa. Aliwapenda watu hawa. Hakuwahi kuwaambia, na leo hasira zilimtangulia.

"Mmenipenda," alisema. "Naona. Lakini mmenipenda vibaya. Bahasha hii ingetoka na mimi. Mnajua ingetoka na mimi. Watu mia mbili wangesoma funga, wakafunga."

Alichukua ile kalamu ya kijani, akachomeka u kwenye nakala mpya kwa mkono wake, akatia sahihi pembeni. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari, akaketi kuandika. Aliandika haraka, kichwa chini, machozi yakimsumbua kwenye miwani. Alipomaliza akalisukuma kwa mkwe wake.

"Na nyinyi muandike. Kila mmoja: niliona, nikanyamaza. Zamu kwa zamu." Halafu akauweka ufunguo wa kabati katikati ya meza. "Nikitoka hapa mchague mwingine. Sikasirikii herufi, herufi imeandikwa na imekwisha. Ila kamati isiyoweza kumwambia mwenyekiti wake kwamba amekosea, mwenyekiti huyo ni hatari kwa watu. Siwezi kukikalia kiti hiki."

Fundi Mshono alianza kulia waziwazi. Mkwe alikuwa amelivuta daftari ili aandike zamu yake, lakini hakuandika. Alisoma maneno ya mama mkwe wake mara moja, akasoma tena, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mama," alisema. "Umekosea."

Chumba kizima kilimgeukia. Miaka sita ya ndoa, kijana huyu alikuwa hajawahi kumwambia mama huyu hata kwamba chai yake haina sukari.

"Sijakosea," alisema Bi Mkazo. "Nimeamua."

"Simaanishi hilo, mama. Nisamehe. Hapa, ulichoandika." Alilizungusha daftari, akaweka kidole. "Umekosea hapa."

Bi Mkazo alifuta miwani kwa ncha ya gauni, akainama. Kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa wino wa kijani, palisomeka: Ukurasa wa 41, hatua ya 9, niliandika funga badala ya funga. Kosa ni langu.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Bega lake likatikisika. Katibu akainuka kwa hofu akidhani dada yake amezidiwa, kumbe ni kicheko, kilichotoka tumboni na kumlaza mezani juu ya mikono yake. Fundi Mshono naye akapasuka, huku machozi ya kilio cha kwanza hayajakauka. Walicheka mpaka mwalimu wa udereva akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna usalama.

Mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa bado amesimama, kidole kwenye daftari, akisubiri.

Bi Mkazo alilivuta daftari. Akaiongeza u, kubwa kuliko zote saba, akanyoosha mkono mpaka katikati ya meza, akauchukua ufunguo wake na kuurudisha shingoni.

"Kaka," alimwambia Katibu, "andika kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti amekosea mara mbili. Mara ya pili ameambiwa."

Kisha akaitia nakala ndani ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi mkwe wake.

"Haya, baba, peleka. Gari si unalo?"