Baiskeli ya Rafiki

Muuza mikate alipotaka baiskeli ya kuhimili lami na mashimo, shemeji yake, fundi baiskeli, alimtolea moja kuukuu ya chuma kizito. Akaigonga fremu kwa spana, ikalia ngaa!

"Umesikia? Hii utamrithisha mwanao, shemeji. Na bei unaimudu."

"Unauza baiskeli au vyungu?" muuza mikate akamcheka mbele ya wateja. Akaenda zake dukani, akatoa pesa zile zile kwa baiskeli nyekundu inayometameta, asiigonge hata kwa ukucha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wiki ya tatu haijaisha, fremu ikakatika penye maungio, mikate ikatapakaa barabarani. Akaikokota hadi kwa shemeji, macho chini kama mwizi wa kuku.

"Ni ya rafiki yangu," akasema hata kabla ya salamu, ilhali makombo ya mikate yamejaa kikapuni. "Kaniomba nikuletee."

Fundi hakucheka. Angecheka, ingekuwa nafuu. Aliigonga, ikatoa mlio mfu: ko. Akakwangua rangi, na chini yake kukatokea kutu ya siku nyingi.

"Hii haiponi. Mwambie."

Akaingia ndani, akatoka na ile kuukuu, imefutwa vumbi, mnyororo umepakwa grisi.

"Mpelekee rafiki yako hii. Kiti nilikipandisha siku ile ile aliponicheka. Miguu yake naijua."