Nililia Mume Aliye Hai

Baba mkwe wangu, Mzee Absalom, alipiga simu Alhamisi. Hakunisalimia.

"Jumamosi mje Kombewa. Na hiyo tuzo uje nayo."

Kosa langu nililijua. Nimeigiza miaka saba: nilianza na mchezo wa Krismasi kanisani Nyalenda, nikafanya matangazo ya sabuni, nikajiunga na masomo ya jioni ili nisisomewe maneno yangu na mtu. Mwaka jana nikapewa nafasi ya mjane katika kipindi cha televisheni kinachorekodiwa Kisumu. Siku ya kurekodi mazishi nilitakiwa nikimbie kutoka langoni mpaka kwenye jeneza nikimlilia mume anayeitwa Odongo. Nikakimbia, nikalia, na katikati ya kilio nikaita kwa Dholuo, "Moto unaoshona chuma, umeniachia nani?"

Hilo ni jina la sifa la mume wangu Okinyi, anayechomelea madirisha pale Nyalenda, mzima kabisa. Marafiki humwita hivyo akiingia harusini. Kwetu mke hamlilii mume aliye hai; wazee husema anamwitia kifo. Lakini Waringa, mwelekezi wetu, hasikii Dholuo. Alidhani ni ushairi, akauacha. Kilio hicho ndicho kilichonipa tuzo ya mwigizaji bora, na Seme nzima, kwao mume wangu, ikakisikia.

Kombewa tulikuta wajomba na baba wadogo wamejaa sebuleni. Mzee aliiweka tuzo mezani, kando ya chupa ya chai.

"Ulimlilia mwanangu."

"Nilikuwa namlilia Odongo, Baba. Ulimi uliteleza."

"Ulimi wa wenzako ukiteleza wanaaibika. Wako unapewa zawadi!"

Mtu akacheka, akajikohoza.

"Na sasa? Umemaliza?"

"Jumatatu tunarekodi tena. Mjane anarudi kaburini."

"Harudi. Utarudisha hicho chuma, utaacha hiyo kazi, ulee mtoto. Ama usikanyage boma hili tena."

Mtoto wetu Aoko alikuwa ananyonya mapajani mwangu. Nilihisi anaacha, ananitazama, kana kwamba naye anangoja jibu. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anachunguza vidole vyake vilivyoungua.

"Baba," nikasema, "kwa jina nililokosea, naomba msamaha hapa mbele ya wote. Kwa kazi yangu siombi. Nimelala njaa nikiisomea. Sitaiacha."

"Mwanamke huyu!"

"Jina nililipeleka kaburini mimi. Acha nilitoe mimi."

Nikampa mama mkwe mtoto, nikatoka mpaka langoni. Kila mtu pale alijua utaratibu: jina la sifa likiitwa, mwenyewe huitika. Akinyamaza, Mzee ameshinda, na mimi nitakuwa nimemlilia mume aliye hai mara mbili.

Nikakimbia kuelekea mlangoni, mbio zilezile za kwenye televisheni, ila safari hii nikicheka.

"Moto unaoshona chuma! Mwana wa Seme! Uko wapi?"

Kuku wakatawanyika. Nikaita tena, sauti ikaanza kunikatika.

Kiti kikaanguka ndani. Okinyi akatokea mlangoni, mikono juu.

"Niko hapa! Mimi ndiye huyo! Mume wa Caren anayeliza nchi nzima!"

Mama mkwe akapiga kigelegele, Aoko akashtuka mikononi mwake. Hata baba wadogo walicheka, wengine wakigonga meza.

Mzee Absalom hakucheka. Alinisubiri niingie, jasho likinitoka.

"Jumatatu utamlilia nani?"

"Odongo, Baba."

"Sema tena."

"Odongo."

"Ukiteleza?"

"Sitateleza. Lakini hata ukinikataza, nitaenda."

Kisha akasogeza chupa ya chai, akajimiminia.

"Sema tena hilo jina."

"Odongo," nikasema, nikichukua tuzo yangu mezani.