Ripoti ya Mtaalamu

Fundi alitoka Arusha mjini, miwani ya jua kichwani, akaingia ofisi ya ushirika wa kahawa Nkoaranga bila hata shikamoo kwa karani, Mama Prisca. Asubuhi nzima akaitukana kompyuta kuukuu ya mama huyo: eti chuma chakavu, haitaelewana kamwe na printa mpya ya mtandao. Kisha akaenda kunywa chai.

Prisca akasonya. Akasoma namba za anwani ya mtandao kwenye kioo cha printa, akaziingiza kwenye kompyuta yake. Ikakubali.

Fundi akarudi na flashi. "Laptop yangu imegoma. Ripoti yangu nitachapishia wapi?"

"Lete hapa."

Prisca akaichomeka kwenye kompyuta yake. Karatasi ikatoka ingali na joto: "Kompyuta hii haiwezi kutumia printa."

"Haya, mtaalamu," alisema Prisca, "weka sahihi."