Mikono Nyuma

Siku mjukuu wangu Keza aliponitazama nikipigana na kifungo cha blauzi, yeye kasimama mikono nyuma kama askari wa bariyeri ya mpakani, nilimfokea mpaka jirani yetu Mukagasana akasikia.

"We mutoto! Mukono yangu imekufa. Yako nayo imekufa?"

"Nyogokuru, mwalimu anasema usimufanyie mugonjwa kitu anaweza kujifanyia."

"Mwambie mi si mugonjwa yake. Mi ni mama ya mama yako!"

Mukagasana akacheka huko nyuma ya ua. "Eeh, Gisenyi imeendelea! Wajukuu sasa wanasoma shule ya kuangalia."

Ilikuwa mwaka 1999. Kupooza kulikuwa kumenipiga upande wa kushoto miezi minne kabla. Mguu ulirudi, mkono ukabaki unaning'inia kama wa shati lililoanikwa. Keza alikuwa anasomea ergoterapi, kazi ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au jeraha, na baada ya vita wa kurudishwa walikuwa wengi. Jioni alisoma daftari lake kwa sauti, nami nikikoroga uji niliyashika yote. "Shughuli yenye maana kwa mgonjwa mwenyewe." Hayo niliyapenda. Ya mikono nyuma niliyachukia.

Maana shughuli yangu ilikuwa moja: kumbeba Nshuti mgongoni. Ni mtoto wa mwanangu Damascène, miezi saba. Mama yake, Verediane, huvuka mpaka wa Kongo pale Grande Barrière kila asubuhi kuuza karoti Goma, na mtoto alikuwa wangu mpaka jioni. Tangu nianguke hakunipa tena.

"Mama, usikasirike," aliniambia. "Jumatatu ninamupeleka kwa dada yangu, Goma. Atakaa kule mpaka atembee."

Nisikasirike! Mtoto akajifunze kutembea nyumba ya wengine, na mimi niko hai!

Nikamwambia Keza aache vifungo, anifundishe kubeba. Akashona kitanzi kwenye pembe ya kitenge changu, akafunga kilo saba za viazi ndani ya shuka, akaviweka ukingoni mwa kitanda. Nigeuze mgongo, niiname, pembe yenye kitanzi niishike kwa meno, nyingine niizungushe kwa mkono wa kuume, niipitishe kitanzini, nivute. Viazi vilianguka mara ngapi, sijui. Vilibingirika mpaka uvunguni, nami nilivifuata kwa magoti nikilaani shule yote, Keza kasimama pale pale. Siku moja nilimpita kwa nyuma nikaona ile mikono yake: imekamatana mpaka kucha zimeingia nyamani. Sikumtukana tena siku ile.

Ijumaa akaja Monsieur Protais, mwalimu wake, kumtahini. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa huko walikotoka wazungu.

"Anaweza kula kwa uma na kisu?"

"Ninakula na mukono."

"Kuchana nywele?"

Nikavua kitambaa nikamwonyesha kichwa changu kilichonyolewa.

"Kufunga kamba za viatu?"

Nilikuwa na kandambili miguuni! Akaandika sufuri, sufuri, sufuri. "Tegemezi kabisa," akamwambia Keza. "Mademoiselle, mgonjwa wako hajasogea hata hatua."

Verediane alikuwa mlangoni na mtoto. "Bon," akasema. "Mwalimu mwenyewe amesema."

Damu ikanipanda. "Sakwe sakwe!"

Kwetu ndivyo kitendawili kinavyofunguliwa, na Mnyarwanda hawezi kuinyamazia. "Soma," yaani tega, Monsieur Protais akajibu kabla hajajizuia.

"Nimebeba watoto kumi na moja mugongoni, karatasi inasema siwezi kitu. Mi ni nani?"

Akatikisa kichwa.

"Mi ni mutu mwenye hajaulizwa! Keza, musomee daftari yako. Pale pa maana kwa mugonjwa mwenyewe."

Keza hakusoma. Alimgeukia Verediane, mke wa mjomba wake. "Tante, lete mutoto. Mi niko karibu."

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni sauti ile ya Keza. Akamlaza Nshuti ukingoni mwa kitanda. Nikageuza mgongo, nikainama, kitanzi kwenye meno. Mtoto akateleza kidogo. Verediane akaruka.

"Mikono nyuma, Tante!"

Akaiweka nyuma. Monsieur Protais naye akaiweka nyuma, na karatasi yake. Nikavuta. Kitenge kikakaza, na Nshuti, ambaye si viazi, akanikamata sikio. Nikatoka mpaka uani, nikazunguka, nikarudi.

Monsieur Protais alikuwa anapekua karatasi. "Sioni mstari wa kuandika hili."

"Chora moja," nikamwambia. "Au kalamu nayo imepooza?"

Akachora, pembeni kabisa, akaandika kirefu. Keza alikuwa analia, mikono bado nyuma.

Verediane alikuja akalishika fundo. Akalivuta mara mbili, kwa nguvu, kama anavyojaribu mzigo wake kabla ya kuvuka. Halikusogea.

"Jumatatu ninatoka saa kumi na mbili," akasema. "Ukuwe umeamuka, na kitenge tayari."

Niliamka saa kumi ya alfajiri. Hasira tu.